Robert Burns: Mshairi Aliyeyatumikia Mahadhi

Utangulizi

Katika taaluma ya ushairi wimbo umekuwa kama mtoto wa kambo. Mwanafunzi hufunzwa kuwa wimbo ni kipera cha fasihi simulizi, akaueleza katika swali moja la mtihani, kisha akaharakisha kuzifikia diwani zilizochapishwa, mahali anapoamini kuwa ndipo ushairi wenyewe ulipo. Hali hii haiwahusu Waswahili peke yao. Mataifa mengi yenye turathi ndefu ya maandishi yamewahi kumtukuza mshairi wa kitabu na kumsahau mtunzi wa nyimbo, hata pale ambapo wawili hao walikuwa mtu mmoja.

Makala haya yanaangazia maisha ya mtu wa namna hiyo. Robert Burns wa Uskoti alipata sifa mwaka 1786 kwa kitabu kimoja cha mashairi. Tangu mwaka uliofuata hadi alipofariki mwaka 1796, sehemu kubwa ya kipawa chake aliielekeza katika nyimbo. Alizikusanya, akazikarabati na kuzitunga upya kwa ushirikiano na wachapishaji wawili, bila ujira na mara nyingi bila jina lake kutajwa. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa hasara kwa fasihi. Mwandishi Walter Scott, aliyekutana na Burns akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, alisikitika mwaka 1809 kuwa mshairi huyo aliitawanya akili yake katika nyimbo badala ya kuandika kazi kubwa zaidi. Hoja ya makala haya ni kinyume cha hiyo: kwamba nyimbo ndizo zilizokuwa kazi yake kubwa, na kwamba namna alivyozitunga inatulazimu kutafakari upya maana ya neno mtunzi.

Malezi na Shule Mbili

Burns alizaliwa tarehe 25 Januari 1759 katika kijiji cha Alloway, karibu na mji wa Ayr, kusini-magharibi mwa Uskoti. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto saba. Babake, William Burnes, alikuwa mtunza bustani aliyehamia huko kutoka kaskazini-mashariki mwa nchi, na nyumba ya udongo alimozaliwa mshairi aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. Mzee huyu alikuwa fukara wa mali ila si wa maono. Mwaka 1765 yeye na majirani zake walichanga fedha na kumwajiri kijana aitwaye John Murdoch ili awafundishe watoto wao. Murdoch aliwafunza Robert na nduguye Gilbert kusoma, sarufi ya Kiingereza, na kuhifadhi mashairi.

Jambo la kustaajabisha ni kuwa mwalimu huyo alipojaribu kuwafunza nyimbo za kanisa, alimwona Robert kuwa mwenye sikio zito na sauti isiyoshika mahadhi. Ilichukua muda mrefu kabla ya ndugu hao kuweza kupambanua mahadhi ya wimbo mmoja na ya mwingine. Lau Murdoch angeulizwa wakati huo ni mwanafunzi yupi angekuja kuwa mtunzi mashuhuri wa nyimbo za taifa lake, bila shaka asingemtaja mtoto huyu.

Shule ya pili ilikuwa jikoni. Mamake, Agnes Broun, alikuwa na elimu ndogo mno ya kuandika, lakini kifua chake kilikuwa ghala la nyimbo za kale alizoziimba akifanya kazi za nyumbani. Pamoja naye alikuwapo Betty Davidson, mjane wa jamaa ya mama huyo, aliyekuwa bingwa wa ngano za wachawi, mizimu na majini ya mito. Burns alikiri baadaye katika barua zake kuwa mwanamke huyu alipanda mbegu za ushairi ndani yake. Kwa hivyo mtoto huyu alikua akinywa kutoka visima viwili: vitabu vya Kiingereza vya mwalimu wake na sauti za Kiskoti za wanawake wawili.

Mwaka 1766 familia ilihamia shamba la Mount Oliphant, ambalo udongo wake ulikuwa hafifu. Robert alifanya kazi za mtu mzima kabla mifupa yake haijakomaa, na wataalamu wengi wa maisha yake wanaamini kuwa sulubu hiyo iliuathiri moyo wake kwa umri wote uliobaki. Ni katika shamba hilo, msimu wa mavuno wa mwaka 1774, ambapo alitunga wimbo wake wa kwanza akiwa na miaka kumi na mitano. Desturi ya mavuno ilikuwa kumweka mvulana na msichana kufanya kazi pamoja, na mwenzake mwaka huo alikuwa Nelly Kilpatrick. Msichana huyu alipenda kuimba wimbo fulani ambao maneno yake yalisemekana kutungwa na mwana wa mwenye ardhi mmoja wa jirani. Burns alijiuliza iwapo mwana wa tajiri anaweza kutunga, ni kipi kinachomzuia mwana wa mkulima. Akayachukua mahadhi ambayo Nelly aliyapenda, akayavisha maneno yake. Utaratibu huo, wa mahadhi kutangulia na maneno kufuata, hakuuacha maishani.

Familia ilipohamia shamba la Lochlea mwaka 1777, kijana huyu alikuwa na kitabu cha nyimbo alichotembea nacho. Alikisoma akiendesha mkokoteni na akienda kazini, wimbo kwa wimbo, mshororo kwa mshororo, akipambanua hisia ya kweli na madoido matupu. Katika daftari aliloanza kuliandika mwaka 1783 aliingiza maoni kuhusu arudhi ya nyimbo za kale. Aligundua kuwa mishororo inayoonekana kupungukiwa na mizani ikisomwa, huwa timilifu ikiimbwa, kwa kuwa mahadhi hulijaza pengo. Mwanafunzi yeyote wa ushairi wa Kiswahili aliyewahi kuhesabu mizani za utungo unaoimbwa atauelewa uzito wa uvumbuzi huo.

Kitabu cha Kilmarnock na Safari Isiyofanyika

Babake alifariki mwezi Februari 1784 akiwa amedhoofishwa na maradhi na kesi ya muda mrefu dhidi ya mwenye shamba. Robert na Gilbert walikodi shamba jingine, Mossgiel, karibu na mji mdogo wa Mauchline. Huko ndiko kipawa kilikochipuka kwa kasi. Burns alikuwa amesoma mashairi ya Robert Fergusson, kijana wa Edinburgh aliyetunga kwa Kiskoti na kufariki mwaka 1774 katika hospitali ya wagonjwa wa akili akiwa na miaka ishirini na minne tu. Kwa kumsoma, Burns alitambua kuwa lugha ya mamake ilistahiki kubeba fasihi. Uamuzi huo haukuwa mdogo. Tangu Uskoti iungane na Uingereza mwaka 1707, wasomi wengi Waskoti walikuwa wakijitahidi kuifuta lugha yao katika maandishi, na vilichapishwa vijitabu vya kuwaonya watu dhidi ya misamiati ya kwao.

Sambamba na mafanikio ya kalamu, maisha yake ya nyumbani yalikuwa na misukosuko, mingi ya kujitakia. Mwaka 1785 alipata binti na Elizabeth Paton, mtumishi wa nyumba, bila ndoa. Muda si mrefu Jean Armour, binti wa mwashi wa Mauchline, naye akashika mimba. Burns alimpa Jean hati ya kukubali kuwa mumewe, lakini babake msichana aliipeleka kwa wakili majina yakakatwa, kisha akatafuta amri ya mahakama dhidi ya kijana huyo. Pacha wa Jean walizaliwa mwezi Septemba 1786.

Akiwa ameemewa, Burns aliamua kuhamia Jamaika. Alikuwa ameahidiwa kazi ya msaidizi wa msimamizi katika shamba la miwa. Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa kuwa wasifu nyingi za zamani zilikipita kipindi hiki kama kwamba ni suala la nauli tu. Kazi aliyoikubali ilikuwa kazi katika mfumo wa utumwa. Mashamba ya Jamaika yalilimwa na Waafrika waliotekwa na kuvukishwa bahari, na waliokuwa na vyeo kama hicho ndio waliowasimamia wakifanyishwa kazi. Mtu ambaye miaka tisa baadaye angetunga wimbo maarufu kuhusu usawa wa binadamu alikuwa amekwisha kujiandaa kuishi kwa jasho la watumwa, na hakuna ushahidi kuwa dhamiri ndiyo iliyomzuia.

Kilichomzuia ni kitabu. Ili kupata fedha za safari na kuacha jina nyuma yake, alichapisha mashairi yake kwa John Wilson katika mji wa Kilmarnock. Kitabu kilitoka tarehe 31 Julai 1786, nakala 612, kila moja shilingi tatu, nacho kikauzwa karibu chote kwa mwezi mmoja hivi. Wakulima na watumishi walikisoma sawa na mabwana. Kisha ikafika barua ya Thomas Blacklock, mshairi kipofu wa Edinburgh, iliyosifia mashairi hayo na kuhimiza toleo la pili. Meli ziliondoka bila Burns. Nyimbo katika kitabu hicho zilikuwa chache mno. Ukikisoma peke yake, hutaweza kutabiri mwelekeo ambao mtunzi wake angeufuata.

Edinburgh na James Johnson

Burns aliwasili Edinburgh mwishoni mwa Novemba 1786. Watu wakubwa walimkaribisha majumbani mwao na wahakiki wakamsifu kuwa mkulima asiyefunzwa ila na mbingu. Sifa hiyo ilimfaa na kumdhuru kwa wakati mmoja. Ilimpa wasomaji, lakini iliufuta usomaji wake wote wa vitabu pamoja na miaka ya kujinoa. Tarehe 17 Aprili 1787 toleo la Edinburgh lilichapishwa na William Creech, ambaye pia alinunua hakimiliki kwa gini 100. Mwaka huohuo Burns aligharimia jiwe la kaburi la Fergusson, lililokuwa halina alama.

Hata hivyo, mtu aliyeyabadilisha maisha yake ya kisanaa mjini humo hakuwa bwana wala profesa. Alikuwa James Johnson, fundi asiye na elimu kubwa aliyepiga chapa za noti za muziki kwenye mabamba ya madini laini, njia iliyopunguza gharama ya kuchapisha muziki. Johnson alikuwa akiandaa mkusanyo wa nyimbo za Uskoti pamoja na mahadhi yake, uitwao The Scots Musical Museum. Juzuu ya kwanza ilikuwa karibu kukamilika walipokutana mapema mwaka 1787, ndiyo maana ina tungo chache tu za Burns. Kuanzia juzuu ya pili, ya mwaka 1788, mshairi alikuwa mhariri katika kila jambo isipokuwa jina. Aliandika barua kwa marafiki akiomba nyimbo, akachagua mahadhi, akajaza beti zilizopotea na kuandaa dibaji. Stephen Clarke, mpiga kinanda wa kanisa, alishughulikia upande wa muziki.

Safari zake za mwaka 1787, katika eneo la mpakani na katika milima ya kaskazini, zilikuwa pia safari za utafiti nyanjani, ingawa neno hilo halikuwapo wakati huo. Huko Dunkeld alikutana na Niel Gow, mpiga fidla mashuhuri kuliko wote wa zama zake, akamsikiliza akipiga. Alikuwa akitafuta mahadhi yasiyo na maneno, na maneno yaliyopoteza mahadhi.

Kazi ya Johnson iliishia kuwa na juzuu sita zenye nyimbo 600, ya mwisho ikichapishwa mwaka 1803. Takriban thuluthi moja ya nyimbo hizo ina mkono wa Burns ndani yake. Hakulipwa chochote. Nyingi hazikuwa na jina lake. Baadhi zilitiwa herufi moja tu mwishoni, na nyingine hazikutiwa alama yoyote.

Namna Alivyotunga

Burns alieleza utaratibu wake katika barua. Kwanza aliyasikiliza mahadhi hadi ayajue barabara na kuutambua moyo wake. Bila hatua hiyo hakuweza kuanza. Kisha alitafuta wazo linaloafikiana na moyo huo, akatunga ubeti wa kwanza, ambao kwake ndio uliokuwa mgumu zaidi. Baada ya hapo alitoka nje, akatembea, akayatazama mazingira, huku akiyavumisha mahadhi kwa sauti ya chini hadi beti zilizosalia zije. Mwisho alirejea ndani kuandika.

Kwa kuwa hakuwa na sauti nzuri, alihitaji sauti za wengine. Jean Armour, ambaye hatimaye ndoa yao ilitambuliwa mwaka 1788, alikuwa na sauti tamu na alijua nyimbo nyingi za kale. Alimwimbia mumewe mahadhi, na mumewe alipomaliza kutunga, Jean aliyaimba maneno ili ijulikane wapi ulimi unakwama. Mchango wake hautajwi katika mkusanyo wowote wa wakati huo. Tunapozungumzia ushirikiano wa Burns na wachapishaji, haki inatutaka tumtaje mshirika huyu aliyekuwa nyumbani. Haki hiyohiyo inatutaka tuseme kuwa mwaka 1791 alikubali kumlea pamoja na mwanawe mchanga binti ambaye Burns alimzaa na mwanamke mwingine siku chache tu kabla ya mtoto huyo wa Jean kuzaliwa.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha ustadi wa Burns katika kukarabati. Wimbo wa John Anderson ulikuwa ukiimbwa zamani kama utani wa kifuska wa mke anayemlalamikia mumewe kwa kuishiwa nguvu. Burns aliyaacha mahadhi na jina, akayatoa matusi, na kumpa mke huyo sauti nyingine kabisa: ya ajuza anayemtazama mzee wake mwenye mvi na kukumbuka njia waliyoipita pamoja. Maneno ni machache na ya kawaida. Mbinu yake ni kuihifadhi nafsineni ileile na kuigeuza hisia yake, hata msikilizaji aliyekuwa akingojea kicheko akajikuta amenyamaza. Utungo huo ni wa nani? Ni wa umma uliouanzisha, na ni wa Burns aliyeuzaa mara ya pili.

Farasi wa Ushuru

Wakosoaji waliodai kuwa nyimbo zilikuwa kazi ya uvivu hawakuzingatia hali aliyoishi. Mwaka 1788 alikodi shamba la Ellisland, karibu na mji wa Dumfries, lakini ardhi yake ilikuwa imechoka. Tangu mwaka 1789 aliongezea kazi ya afisa wa ushuru wa bidhaa kwa mshahara wa pauni 50 kwa mwaka. Kazi hiyo ilimlazimu kuendesha farasi hadi maili 200 kwa wiki, katika mvua na baridi, akikagua bidhaa katika parokia kumi. Utenzi mrefu hauandikwi juu ya mgongo wa farasi kwa wepesi, ingawa alipata nafasi ya kuandika Tam o' Shanter mwaka 1790, shairi la masimulizi linalorejelea ngano za Betty Davidson. Lakini wimbo waweza kuvumishwa njiani, ukageuzwageuzwa akilini kutwa nzima, ukafika nyumbani umeiva. Mtunzi na utanzu walikuwa wamepatana.

Mwezi Novemba 1791 aliliacha shamba na kuhamia Dumfries. Zilikuwa siku za Mapinduzi ya Ufaransa, naye hakuficha kuwa alivutiwa nayo. Mwishoni mwa mwaka 1792 wakuu wake wa ushuru walianzisha uchunguzi kuhusu uaminifu wake kwa serikali. Akiwa na mke na watoto wa kulisha, aliandika barua za kujitetea kwa unyenyekevu ambao haukulingana na tungo zake. Tangu hapo baadhi ya nyimbo zake za kisiasa zilitoka bila jina, si kwa sababu ya desturi pekee, bali kwa sababu ya usalama. Wimbo kuhusu vita vya Bannockburn aliutunga mwaka 1793, na ule wa A Man's a Man for a' That, unaoshikilia kuwa utu haupimwi kwa cheo wala mali, ulichapishwa mwaka 1795 bila kumtaja mtunzi.

Katika juzuu ya nne ya Johnson, ya mwaka 1792, umo wimbo wa maombolezo ya mtumwa aliyechukuliwa kutoka Senegali hadi Virginia, ambao kwa kawaida huhusishwa na Burns. Wahakiki wamebishana ni kiasi gani cha utungo huo ni chake. Hata ukiwa wake wote, haufuti uamuzi wa mwaka 1786. Unachoonyesha ni kuwa nafsineni ya wimbo ilimwezesha mtunzi kusimama mahali ambapo yeye mwenyewe, kama mtu, hakuwahi kusimama.

Thomson na Vita vya Maneno

Mshirika wa pili alijitokeza mwezi Septemba 1792. George Thomson alikuwa karani wa ofisi ya umma mjini Edinburgh na mpenzi wa muziki wa kumbi za watu wa hadhi. Naye alitaka kuchapisha nyimbo za Uskoti, lakini kwa karatasi bora na kwa muziki ulioandaliwa na watunzi wakubwa wa Ulaya. Pleyel na Kozeluch walihusika mwanzoni. Haydn na Beethoven walifuata baadaye. Burns alikubali kwa masharti mawili. La kwanza ni kuwa asilazimishwe kuandika kwa Kiingereza, kwa sababu aliamini kuwa katika lugha hiyo uhuru wake ulipungua. La pili ni kuwa asilipwe. Kwake hii ilikuwa kazi ya kulitumikia taifa, na ujira ungeinajisi. Thomson alipomtumia pauni 5 mwaka 1793 alizipokea kwa shingo upande, akamwonya kuwa akirudia urafiki wao ungekwisha.

Ilhali Johnson alimwachia Burns uhuru wote, Thomson alikuwa na maoni kuhusu kila neno. Alitaka Kiskoti kipunguzwe ili mabibi wa London wasitatizike. Alipendekeza mahadhi yabadilishwe baada ya maneno kutungwa, jambo ambalo kwa mtunzi wa aina ya Burns ni sawa na kumvua mtu nguo na kumvisha za jirani. Wimbo wa Bannockburn ni kielelezo. Burns aliutunga kwa mahadhi ya kale ambayo, kwa mujibu wa mapokeo, yalipigwa katika vita hivyo. Thomson akayakataa na kuchagua mengine, ikabidi mshororo wa mwisho wa kila ubeti urefushwe ili uenee. Wasomaji walilalamika baada ya utungo huo kutoka hivyo, na Thomson mwenyewe akaurejesha kwenye mahadhi ya awali. Kufikia wakati huo mtunzi alikuwa kaburini.

Hata hivyo si haki kumhukumu Thomson kwa upande mmoja. Auld Lang Syne, wimbo ambao leo huimbwa duniani kote mwaka unapogeuka, ulianza kwa kirai na beti za kale zilizokuwapo kabla ya Burns kuzaliwa. Yeye alimtumia rafiki yake Bi. Frances Dunlop maneno yake mwezi Desemba 1788, kisha akamweleza Thomson kuwa aliyanakili kutoka kwa mzee aliyekuwa akiyaimba. Johnson aliuchapisha katika juzuu ya tano, mwishoni mwa 1796, kwa mahadhi ambayo watu wachache leo wangeyatambua. Mahadhi tunayoyajua yalitokana na mkusanyo wa Thomson wa mwaka 1799. Hivyo basi wimbo unaojulikana zaidi wa Burns ulihitaji umma wa kale, mzee asiyejulikana jina, mshairi, na mchapishaji mwenye kiburi ili ukamilike.

Siku za Mwisho

Afya yake ilizorota mwaka 1795, mwaka aliofiwa pia na binti yake mdogo. Uvumi ulienezwa baadaye kuwa pombe ndiyo iliyomuua, lakini madaktari waliochunguza maelezo ya dalili zake wanaelekea zaidi kwenye ugonjwa wa moyo. Katika miezi yake ya mwisho alihudumiwa na Jessie Lewars, msichana wa jirani aliyemsaidia Jean. Inasimuliwa kuwa Burns alimwomba apige kwenye kinanda mahadhi anayoyapenda zaidi, akayasikiliza hadi yakamkaa, kisha akaandika maneno ya kumshukuru. Ule utaratibu wa mwaka 1774 shambani ulikuwa haujabadilika.

Mwezi Julai 1796 alipelekwa Brow, kando ya ghuba ya Solway, aoge maji baridi ya bahari kama walivyoshauri madaktari wa zama hizo. Huko alipata barua ya kudai deni la sare ya jeshi la kujitolea alilojiunga nalo mwaka uliotangulia. Deni halikuwa kubwa, lakini mgonjwa huyu aliingiwa na hofu kuwa angefia gerezani. Tarehe 12 Julai aliandika barua mbili. Moja alimwomba binamu yake pauni 10. Nyingine alimwomba Thomson pauni 5, akiahidi kumlipa kwa nyimbo, na ndani ya barua hiyohiyo akatia wimbo. Mtu aliyekataa ujira kwa miaka tisa alilazimika mwishowe kuuweka wimbo wake katika mizani ya pauni. Thomson alizituma fedha hizo.

Burns alifariki nyumbani Dumfries tarehe 21 Julai 1796 akiwa na umri wa miaka thelathini na saba. Alizikwa tarehe 25 kwa heshima za kijeshi, na siku hiyohiyo Jean akajifungua mtoto wa kiume. Marafiki walichanga fedha, na mwaka 1800 James Currie alichapisha maandishi yake katika juzuu nne kwa manufaa ya familia. James Johnson alifariki katika ufukara mwaka 1811. Jean aliishi hadi mwaka 1834, akiwapokea wageni waliokuja kumwona mjane wa mshairi na, yamkini, wasiojua kuwa walikuwa pia mbele ya mmoja wa walimu wake.

Hitimisho

Maisha haya yana mafunzo kadhaa kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Kwanza, umilisi wa mtunzi wa nyimbo haupimwi kwa upya wa kila neno. Burns alichukua vilivyokuwapo na kuvirejesha vikiwa na uhai zaidi, na kazi hiyo ilidai sikio, subira na maarifa ya arudhi ambayo mashairi ya kitabu hayakuyadai. Pili, wimbo huweza kumficha mtunzi wake hadi asijulikane. Bunge la Uskoti lilipofunguliwa rasmi tarehe 1 Julai 1999 baada ya karibu miaka 300, wimbo ulioimbwa na Sheena Wellington mbele ya wabunge ulikuwa ule wa usawa wa binadamu, uliochapishwa mara ya kwanza bila jina kwa ajili ya hofu.

Tatu, na hili ndilo linalotugusa zaidi, lazima pawe na mtu wa kuandika. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa kijana mdogo Burns alipofariki. Tungo zake nyingi zilibaki vifuani mwa watu, na tungezipoteza lau si Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliozikusanya, kabla ya William Hichens kuzichapisha mwaka 1940. Katika taarab na nyimbo za jando, harusi na kazi, wako watunzi ambao sauti za waimbaji zimewafunika, na wako kina Jean ambao hakuna mkusanyo uliowataja. Wengine wangali hai katika vijiji tunakotoka. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali. Aende na daftari, aulize ni nani aliyetunga, na aulize pia ni nani aliyemwimbia mtunzi.